Debe la Nyumba Kumi na Saba

Kwenye picha ya chama hayumo. Vijana waliokuja kwangu juzi waliniletea picha hiyo ikiwa ndani ya karatasi ya plastiki, wakataka niwatajie waliomo, ili waandike historia ya chama chetu cha majirani. Wanaume kumi na mmoja, viti vinne, kofia nyingi, mwenyekiti katikati amekunja ngumi juu ya goti utadhani anapigwa picha ya kwenda jela. Mimi ni yule mwembamba wa mwisho kulia, mwenye tai. Niliwatajia wote. Kisha nikawaambia kwamba hawa wote, mimi nikiwemo, tulikuwa wa kukalia viti tu. Aliyekiweka chama hai hakupigwa picha.

Walitazamana, kisha wakanitazama mimi kama mzee aliyeanza kupotea.

"Sasa Mzee, yeye alikuwa na cheo gani?"

Cheo! Hata mwanachama hakuwa, maana miaka hiyo ya hamsini tulikuwa wajinga kiasi cha kuandikisha wanaume peke yao. Alikuwa Mama wa Bomba. Tazameni nyuma ya miguu yetu, niliwaambia, pale picha ilipofifia. Mnaona vile vitu vimejipanga? Hayo ni madebe. Yeye yuko hapo.

Mmoja akaandika "madebe" kwenye daftari lake, kisha akakata. Nilimwona kwa macho yangu. Ndiyo sababu naandika mwenyewe, na asiyependa aache.

Habari za kuzaliwa kwake msiniulize. Watu wake walikuwa Waislamu wa mjini, wale wenye asili ya pwani, lakini walikuwa wamekaa Nakuru siku nyingi hata pwani yenyewe hawaijui. Hilo halikumzuia kutuita sisi wengine "watu wa bara" na kucheka Kiswahili chetu. Siku moja nilichoka, nikamuuliza bahari ikoje. "Kubwa," akasema, akafunga mdomo. Baadaye dada yake aliniambia kwamba maji makubwa kuliko yote ambayo Mama wa Bomba aliwahi kuyaona ni ziwa letu hapo chini, lile la magadi, ambalo hata mbuzi hanywi.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega. Asubuhi za Nakuru zina baridi inayoingia kwenye meno, basi juu ya leso zake alivaa koti la askari, la kaki, refu hadi visigino. Alilitoa wapi hakuna ajuaye. Shingoni alining'iniza spana kwa kamba ya katani. Bomba letu lilikuwa limeng'olewa mkono wake zamani, na bila spana hiyo halikutoa hata tone. Ofisi ya mtaa ilimpa yeye spana kwa sababu wanaume watatu waliopewa kabla yake walipigwa, na wa tatu aliondoka Nakuru kabisa.

Mkumbuke tulikuwa nyumba arobaini, bomba moja. Nyumba za bati zilizopangwa mistari minne chini ya reli, upande wa kuelekea ziwani, na mwezi wa kwanza upepo ukigeuka unatuletea vumbi jeupe la magadi hadi kwenye ugali. Tulikuwa Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakipsigis wawili watatu na hao Waswahili wa mjini. Kabla ya Mama wa Bomba kila asubuhi ilikuwa vita. Niliona mtu akipoteza jino kwa ajili ya debe la maji.

Yeye aliweka sheria siku ya kwanza, bila mkutano. Kila nyumba debe moja, na kila debe alama yake: rangi, matundu ya msumari, chochote. Unaliweka kwenye mstari alfajiri, unaenda zako kuwasha moto au kuvaa watoto, na debe linakushikia nafasi. Mstari ukisogea, aliye nyuma yako analisukuma la kwako pamoja na lake. Lakini analisukuma kwa mguu. Mkono hapana. Ukigusa debe la mwenzio kwa mkono, kesho mtoto wake akiharisha utaambiwa ulitia kitu. Mguu hauna siri, kila mtu anauona.

"Kwa mguu! Kwa mguu!" Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia. Hadi leo nikisikia bati likikwaruza sementi nasikia sauti yake.

Na sheria ya mwisho, ambayo ndiyo iliyoleta haya yote, alikuwa akiisema kila anapoulizwa kwa nini haruhusu mtu kuruka debe la jirani aliyechelewa: "Debe likiwa kwenye mstari, nyumba ina mtu. Basi."

Chama kilizaliwa hapohapo. Jumapili mchana, bomba likiwa limefungwa, wanaume tulikuwa tukiyageuza madebe matupu na kuyakalia, tukaongea habari za taa, za vyoo, za askari wa manispaa wanaosumbua akina mama wauza uji. Mtu akasema tuwe na mwenyekiti. Tukachagua muuza nyama, kwa sababu ya sauti. Mimi nilikuwa karani wa stoo ya mizigo kwenye reli, mwandiko wangu mzuri, nikawa karani wa chama. Nilivaa tai kwenye mikutano. Mama wa Bomba alisimama kando na spana yake akitusikiliza, na tukimwambia, Mama, hiki ni kikao cha wanachama, anajibu, "Mimi si mwanachama, lakini mmekalia madebe yangu."

Kusoma hakujua. Lakini nikimaliza kuandika taarifa ya mkutano ilibidi nimsomee, la sivyo jioni debe la mke wangu lingepata maji nusu. Ananisikiliza amefumba macho. "Hapo umedanganya, Karani," anasema. "Mwenyekiti hakusema 'nashukuru.' Mwenyekiti alisema 'nendeni zenu.'" Na ni kweli, ndivyo alivyosema.

Msidhani nawachorea malaika. Alikuwa mchoyo wa maji kama vile yanatoka kwenye kifua chake. Aliswali swala tano na alitukana mara kumi, na alikuwa na tusi moja kuhusu magoti ya mtu ambalo sitaliandika hapa. Alisema uongo kwa raha, hasa kuhusu umri wake. Mwalimu wa madrasa mwenyewe alipanga debe kama wengine. Alipojaribu kusema anawahi kutawadha, Mama wa Bomba alimwambia atawadhe kwa subira kwanza. Ni debe moja tu lililoruhusiwa kuruka mstari, debe la maji ya kuoshea maiti, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe mtu wa hivyohivyo. Fundi viatu wa Kijaluo alipofiwa na mtoto, Mama wa Bomba alifungua maji bila neno, akasimama hadi mwisho na koti lake, kisha akamfokea mtu wa kwanza aliyefuata ili tusimwone machoni.

Na alijua kuchukia. Hapo ndipo anapoingia Mama Pacha.

Mama Pacha alikaa nyumba kumi na saba na mume wake seremala na watoto wao mapacha, wa kiume na wa kike. Alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu huko Molo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliuza uji kwa watu wa malori ya viazi. Ugomvi wao ulianza kwa sababu ya nepi. Mama Pacha alifulia nepi chini ya bomba; Mama wa Bomba akafunga maji sabuni ikiwa bado kwenye nepi. Mama Pacha akamwambia mbele ya watu kwamba mtu asiye na mtoto hawezi kujua nepi ni nini.

Mama wa Bomba hakuwa na mtoto. Alikuwa amezika wawili.

Tangu siku hiyo, miaka miwili, hawakusalimiana. Wakipishana kila mmoja anatazama paa la upande wake. Mama Pacha akifika kwenye bomba, Mama wa Bomba anamjazia debe huku amempa mgongo, na hajawahi kumwagia tone zaidi wala tone pungufu. Tulijaribu kuwapatanisha, chama kikatuma wazee, wazee wakarudi wamelowa. Kweli, alifungua bomba kwa nguvu likawarukia. Mtaa mzima ulijua ugomvi ule kama unavyojua njia ya kwenda sokoni.

Halafu ikaja emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Mkoloni akaanza kuwasomba Wakikuyu kwenye malori, awe amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni au hajala, kuwapeleka sehemu alizosema ndiko kwao, hata kama mtu kwao ni hapo alipolala jana. Seremala alichukuliwa kwanza, kazini. Baada ya wiki chache lori likaja mtaani asubuhi, madebe yakiwa tayari yamepangwa. Nilikuwa nafunga tai. Nilimsikia Mama Pacha akiomba arudi ndani achukue blanketi la watoto, na askari akisema hakuna ruhusa. Mlango wake ulibaki wazi. Jirani ndiye aliyeufunga na kutia kufuli baadaye.

Sasa sikilizeni kosa tulilofanya, maana ni sisi tu tungeweza kulifanya. Lori lilipoondoka, watu hawakujua la kufanya, wakarudi kwenye mstari. Mstari ukasogea, na kila mtu akasukuma madebe mawili kwa mguu kama kawaida, na debe la nyumba kumi na saba, lile lenye mpini wa mti wa mtarakwa aliouchonga seremala, likasukumwa nalo. Likafika kwenye bomba. Mama wa Bomba akageuza mgongo kama alivyozoea, akalijaza, akaita, "Wa kumi na saba! Chukua debe lako!"

Hapo ndipo tuliposhtuka wote. Debe limejaa pomoni, limekaa kwenye sementi, mwenyewe yuko kwenye lori. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mama wa Bomba alilitazama debe lile muda mrefu. Kisha akafanya kitu ambacho hatukuwahi kumwona akikifanya kwa mtu yeyote, akaliweka kichwani mwake. Akalibeba hadi nyumba kumi na saba, akaenda nyuma, akamwagilia mboga za sukuma wiki za Mama Pacha.

Kesho yake alfajiri debe la mpini wa mtarakwa lilikuwa kwenye mstari. Aliliweka nani, sote tulijua. Mtu mmoja alijaribu kuliruka.

"Wewe! Huoni debe?"

"Lakini Mama, mwenyewe si amechukuliwa?"

"Debe likiwa kwenye mstari, nyumba ina mtu. Kwa mguu!"

Akasukuma kwa mguu.

Nimefika mahali pangu pabaya, na sitaparuka. Ofisi ya mtaa ilikuwa na desturi kwamba nyumba ikikaa mwezi bila mtu inapewa mwingine. Waliokuwa wakisomba watu na malori walikuwa serikali ya bunduki, na ofisi ya mtaa ilikuwa serikali ya kalamu; hizi mbili hazikuambiana kila kitu. Kwa hiyo mzungu wa ofisi, ambaye tulimwita Bwana Kofia, alinituma mimi karani wa chama nimwandikie orodha ya nyumba zisizo na watu. Kufikia Ijumaa.

Nyumbani kwangu jikoni alikuwa amelala ndugu yangu mdogo, na mke wake, na mtoto wa miezi mitatu anayekohoa. Walikuwa wamelala hapo tangu mvua za masika. Mke wangu alikuwa ameacha kusema nami isipokuwa kuhusu hilo.

Niliandika: kumi na saba.

Sikusema uongo. Nyumba ilikuwa tupu, kufuli mlangoni, kila mtu aliona. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko kama ningedanganya. Nilijiambia kwamba Mama Pacha hatarudi, na kwamba mtoto wa ndugu yangu anakohoa. Yote mawili nilidhani ni kweli, nikatia sahihi.

Mke wa ndugu yangu hakuwa na ubaya wowote. Alifurahi tu, na furaha ikamshinda, akasema kwenye bomba kwamba mwezi ujao atahamia kumi na saba. Kesho yake mke wangu alirudi na debe tupu.

"Nenda ukaongee naye mwenyewe," akaniambia. "Mimi siwezi aibu kama hii."

Nilienda na tai yangu. Watu walikuwa wengi, ni ile saa ya wote. Debe letu lilikuwa limetolewa kwenye mstari, limekaa peke yake kwenye matope.

"Mama," nikasema, "debe langu limefanya nini?"

"Debe gani?"

"Hilo hapo. La kwangu."

"Hilo? Hilo nyumba yake haina mtu."

"Mama, mimi si niko hapa nimesimama?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi tai, polepole. "Naona tai," akasema. "Mtu simwoni." Akageukia mstari. "Kwa mguu, jamani! Saa zinakwenda!"

Watu wakapita. Majirani niliowaandikia barua bure, niliowasomea barua za watoto wao, walipita na madebe yao wakitazama chini. Nilisimama pale hadi jua likapanda juu ya mapaa yetu. Sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baada, na nilistahili yote. Nikaondoka bila maji. Sikwenda kazini. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Kofia.

Siku hizo mtu alifungwa kwa kumpa Mkikuyu chumvi. Nilimwambia orodha ina kosa, nyumba kumi na saba ina watu.

"Wewe naandika hapana mtu," akasema Bwana Kofia kwa kile Kiswahili chao cha mashambani. "Sasa nasema iko mtu. Gani kweli?"

"Iko mtu, Bwana. Nilikosea."

"Kesho mimi nakuja kuangalia. Kama iko uwongo, wewe kwisha kazi, na wewe nakwenda na lori."

Nilirudi nikamweleza Mama wa Bomba. Hakuniambia ahsante. "Kesho saa ngapi?" akauliza tu. Nikamwambia. Akamwita mke wa ndugu yangu, yule aliyekuwa ahamie, akamnong'oneza. Nilidhani yule msichana atakataa. Alienda jikoni kwangu, na asubuhi nikaona nyuma ya kumi na saba kamba imeanikwa nepi za mtoto wake na nguo zake ndogo zote, zimepangwa mbilimbili, kama za mapacha. Kizingiti kilikuwa kimemwagiwa maji. Sukuma zilikuwa kijani, na ilikuwa kiangazi, vumbi jeupe kila mahali, mtaa mzima hauna jani jingine.

Bwana Kofia alikuja na askari wawili. Akatazama nepi. Akatazama kizingiti. Akagonga kufuli kwa fimbo.

"Mama ya hii nyumba wapi?"

Kila mtu anatazama bomba. Na mimi najua kwamba mtu yeyote akisema "ameenda sokoni" mzungu atamsubiri.

Mama wa Bomba akatupa spana chini, ikalia kaa! Watu wakaruka.

"Usimtaje huyo mwanamke mbele yangu!" akapiga kelele. "Bwana, huyo ni adui yangu! Muulize yeyote hapa! Ameniambia maneno ambayo mimi sitasahau hadi kaburini. Angekuwa ameondoka, Wallahi, ningekuja ofisini kwako nikicheza ngoma. Ningekuletea ufunguo mwenyewe! Lakini wapi! Yuko, ananizunguka, akiniona anajificha. Niondolee, Bwana! Nakuomba, niondolee!"

Bwana Kofia akatugeukia. "Hii kweli? Hawa napigana?"

Haiya! Mtaa mzima ulilipuka. Kweli kabisa, Bwana! Tangu mwaka juzi! Kwa sababu ya nepi, Bwana! Mwenyekiti wetu mwenye sauti alieleza habari ya wazee waliorudi wamelowa, na mmoja wa wazee hao akaonyesha shati. Fundi viatu alisimulia. Mwalimu wa madrasa, mtu asiyesema uongo, alisimulia, na hakusema uongo hata nusu. Watu walishindana kutoa ushahidi. Yote yalikuwa kweli tupu, na tuliyasema tukicheka kwa mara ya kwanza tangu lori lile.

Bwana Kofia alitazama juu, akatazama saa. Ugomvi wa wanawake kwenye bomba ulikuwa kitu anachokielewa. Akakata kumi na saba kwenye orodha yake na kalamu. "Wewe mama, wacha kelele," akasema, akaondoka.

Tangu hapo Mama wa Bomba aligombana na Mama Pacha kila alipoona kofia ile kwa mbali. Aligombana peke yake, mikono kiunoni, akipigia kelele nyumba iliyofungwa. "Toka nje useme tena! Si una mdomo? Toka!" Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza jibu, kisha, "Ati nini? Mimi? Mimi?" Watu wa mtaa mwingine walikuja kutazama. Na kila asubuhi debe la mpini wa mtarakwa lilisukumwa, likajazwa, likabebwa. Kodi ya nyumba ile ililipwa vipi, hayo ni ya kwetu, na vijana wa historia hawatayapata kwangu.

Ndugu yangu alibaki jikoni. Mtoto alipona kikohozi, kwa neema ya Mungu, na mke wa ndugu yangu akawa ndiye anayebeba debe la kumi na saba siku ambazo Mama wa Bomba anaumwa mgongo.

Debe letu lilirudishwa kwenye mstari, lakini mwisho kabisa, la arobaini, na hapo likakaa. Hakuniambia amenisamehe. Taarifa zangu za mkutano hakuzisikiliza tena. Hilo liliniuma kuliko mahali pa debe.

Mama Pacha alirudi baada ya miaka minne. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha reli, mweusi kwa jua, mwembamba, amevaa kiatu cha mwanamume, na mtoto mmoja mkononi. Msichana. Hatukuuliza. Alisimama mbali akitazama mtaa kama mtu asiye na hakika kwamba amefika. Mstari ulikuwa unasogea. Nadhani aliuona mpini kwanza, kwa sababu alitia mkono mdomoni.

Mama wa Bomba alimwona. Alifunga maji. Bomba lile halikuwahi kufungwa watu wakiwa kwenye mstari.

"Umechelewa," akasema. "Debe lako limekaa hapa tangu asubuhi."

Mama Pacha alilia kwa sauti yake ile kubwa. Mama wa Bomba akampa mgongo, kama kawaida yake, akamjazia debe. Lakini mabega ya koti yalikuwa yakitikisika, na maji yakafurika, yakamwagika, yakaenda hadi kwenye viatu vyetu, na mchoyo yule hakuyafunga.

Mwaka uliofuata reli ilinihamishia Molo. Nilifunga vitu vyangu, ndugu yangu akapata nafasi Naivasha, na nyumba yangu ofisi ikampa mtu mwingine, fundi baiskeli. Sikumuaga Mama wa Bomba vizuri. Nilimwambia tu nakwenda, naye akasema Molo ni baridi, nivae.

Nilikaa huko karibu miaka miwili bila kurudi. Siku moja treni yangu ilichelewa kuunganisha Nakuru, nikateremka kwa miguu hadi mtaani. Bomba lilikuwa palepale. Mama Pacha ndiye aliyeshika spana. Mama wa Bomba alikuwa amekaa juu ya sanduku kando yake, koti limemlemea, macho yana ukungu; alikuwa akiwatambua watu kwa hatua zao. Wale wawili walikuwa wakibishana kuhusu nani alianza habari ya nepi.

"Huyo ni Karani," akasema kabla sijafungua mdomo. "Anatembea kama mtu anayeogopa kuchafua viatu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Molo ni baridi?"

"Ni baridi."

"Nilikwambia."

Nilicheka. Kisha nikatazama mstari, kwa mazoea tu, na nikaliona. Lilikuwa karibu na bomba, la tatu au la nne, pamoja na mengine. Debe langu, lenye matundu matano ya msumari niliyoyatoboa mwenyewe. Nilikuwa nimeliacha uani kwa kuwa lilikuwa linavuja. Mtu alikuwa ameliziba kwa risasi ya kulehemu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, nisiyemjua hata kidogo, akalisukuma kwa mguu bila kulitazama.

"Mama," nikasema, "mimi sina nyumba hapa tena. Ile anakaa fundi baiskeli."

Alinyanyua uso kuelekea sauti yangu.

"Nani ameandika hivyo?" akauliza. "Si wewe ndiye karani?"

Mama Pacha alifungua maji, akalijaza, akaita, "Karani! Chukua debe lako!" Niliinama na suti yangu ya safari, nikaliweka begani, likanimwagikia shingoni. Treni ilipiga honi juu kule. Niliiacha iende. Nikalibeba debe langu hadi nyuma ya nyumba kumi na saba, nikamwagilia sukuma.